Mbuzi wangu mmoja amekufa. Je, nijaze dawa nyumbani?

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 34 na ninaishi Kibosho, Moshi Vijijini, ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, cha baba mkwe wangu. Mume wangu ni dereva wa watalii na kituo chake cha kazi kiko Arusha, kwa hiyo msimu wa wageni ukipamba moto anaweza kukaa wiki tatu bila kufika nyumbani. Naomba usinitaje jina, maana watu wote nitakaowaeleza hapa wananitakia mema, nami sipendi hata mmoja wao ajione ameanikwa.

Desemba mwaka jana kikoba chetu kilipogawana fedha nilinunua mbuzi watano: majike watatu chotara wa Toggenburg kutoka kwa mfugaji wa Arumeru, na wawili wa kienyeji kutoka mnada wa Meserani. Nililelewa mjini na sikuwahi kushika kamba ya mbuzi, lakini niliuliza na kujifunza, na kwa miezi minne mambo yalikwenda vizuri hata mwanangu wa miaka minne akazoea kikombe chake cha maziwa kila asubuhi.

Usiku mmoja wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, nilimkuta jike mmoja wa maziwa amesimama peke yake, hacheui, anasaga meno, na ubavu wake wa kushoto umevimba kama ngoma. Mchana wake nilikuwa nimewakatia majani ya maharage na ya mti wa lusina yakiwa bado yanachuruzika maji ya mvua. Nilimwita baba mkwe, akasema anyweshwe mafuta ya kupikia. Mimi nilimshika mbuzi kichwa nikakiinua juu kabisa, naye akammiminia kwa chupa ya soda. Mbuzi alikohoa kwa nguvu, na mafuta mengine yakamtoka puani. Kisha akaja shemeji yangu na chupa ya dawa ya sindano ambayo huiweka kabatini jikoni, ile ya OTC (antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini), akamchoma kwa sindano aliyokuwa amemchomea ndama wake wiki iliyotangulia. Nilimpigia simu mtaalamu wa mifugo, akasema yuko kata nyingine na angefika asubuhi. Alfajiri mbuzi alikuwa amekufa. Shemeji alitaka tumchune, lakini baba mkwe alikataa katakata, akamfukia kwenye shimo refu.

Tangu hapo nyumba yetu ina ugomvi usiosemwa. Mume wangu alimsimulia mgeni wake mmoja kutoka Marekani ambaye anafuga mbuzi kwao, na yule mama kwa wema wake akamwandikia orodha ya vitu 31 ambavyo yeye hukaa navyo nyumbani. Sasa mume wangu anataka nivinunue vyote. Baba mkwe anasema amefuga tangu ujana wake bila duka la dawa ndani ya nyumba, na kwamba anayeweka dawa anauita ugonjwa. Shemeji amefurahi, anasema ninunue OTC na dawa ya minyoo ya ng'ombe, naye atawachoma na kuwanywesha wote kila mwezi iwe kinga. Mimi nina shilingi 250,000 tu, na nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya banda, kwa kuwa paa linavuja na sakafu haikauki.

Mbuzi wawili wana mimba na watazaa Agosti. Mimi mwenyewe ni mjamzito wa miezi mitano. Kila usiku naamka mara mbili au tatu kwenda bandani na tochi kuhesabu wanaopumua. Je, fedha hizi niziweke kwenye dawa au kwenye banda? Nimkatalie vipi shemeji bila kumvunjia heshima? Na nisaidie na hili pia: usiku ule, ni nani aliyemuua yule mbuzi?

Mama wa Kibosho

JIBU

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Watu wengi wakisikia mtu anamlilia mbuzi hudhani analilia fedha. Mimi nimefanya kazi ya ugani wa mifugo kwa miaka mingi na najua kwamba mnyama uliyemshika kichwa akiwa anakufa haondoki mikononi upesi. Umeniuliza maswali matatu, nami naomba nianze na la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokuamsha usiku.

Bila mnyama kupasuliwa na kuchunguzwa na mtaalamu, hakuna anayeweza kukuambia kwa hakika kilichomuua. Ninachoweza kukueleza ni jinsi mambo yanavyokwenda. Majani machanga ya jamii ya kunde, hasa yakiwa yamelowa, huchacha upesi ndani ya tumbo kubwa na kutoa gesi ambayo mara nyingi hugeuka povu, na mnyama hushindwa kuicheua. Tumbo likijaa hulibana pafu, na mbuzi anaweza kufa ndani ya saa chache hata asipoguswa na mtu yeyote. Kwa hiyo kifo cha usiku uleule chaweza kabisa kuwa kifo cha gesi. Mafuta ya kupikia ni huduma ya kwanza ya kweli kwa povu hilo, na baba mkwe wako hakubahatisha alipoyataja. Shida ilikuwa kichwa kuinuliwa juu, kwa sababu hapo koo hufunguka kuelekea mapafuni, na kile kikohozi na mafuta ya puani ni dalili kwamba kiasi fulani kilipotea njia. Hata hivyo, madhara ya mafuta mapafuni kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi kuliko usiku mmoja. Nayo sindano ya shemeji hupigana na bakteria, na gesi si bakteria. Haikuwa na la kufanya pale. Hivyo ninapousoma usiku wenu naona watu watatu waliotoka kitandani kwenda kumsaidia mnyama, kila mmoja na kipande chake cha ujuzi. Muuaji simwoni.

Tena yupo mmoja aliyefanya jambo kubwa ambalo huenda hamkumshukuru. Mnyama anapokufa ghafla na sababu haijulikani, kumchuna ni hatari, kwa kuwa kimeta hujitokeza huku kwetu Kaskazini na vimelea vyake huingia kwa mtu kupitia nyama, ngozi na damu. Aidha, nyama ile ilikuwa na dawa ya sindano ndani yake. Mzee alipoagiza lichimbwe shimo refu alizilinda familia zote za kihamba hicho. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo, kabla hamjazungumza habari ya sanduku lolote.

Sasa tuje kwenye orodha ya mgeni. Katika barua yako nimesikia dhana kwamba kama vitu 31 vingekuwa ndani, mbuzi angepona. Hebu tuichunguze kwa upole. Vitu viwili ndivyo vingeweza kubadilisha usiku ule: mtu kumwona mbuzi saa mbili mapema, na mtu kujua namna ya kumnywesha. Cha kwanza hakiuzwi dukani. Yule mama wa Marekani aliandika kwa moyo safi, lakini aliandika kwa ajili ya ardhi ya kwao na maduka ya kwao. Nakisia, kwa mfano, kwamba orodha yake ina sindano ya seleniamu, kwa sababu sehemu nyingi za Marekani udongo wake una upungufu wa madini hayo. Kumchoma mbuzi wa Kibosho seleniamu bila kupimwa ni kujitia hatarini bure, maana tofauti kati ya kipimo kinachofaa na kipimo kinachodhuru ni ndogo. Chanjo nazo hazikai kabatini. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa nchini mwaka 2008 ukianzia huku kaskazini, inataka ubaridi tangu kiwandani hadi kwenye ngozi ya mnyama, na chupa moja hubeba dozi nyingi ambazo hazina budi kutumika ndani ya muda mfupi baada ya kuchanganywa. Hilo ni jambo la kwenda na majirani kwa afisa mifugo wa kata, mkajiandikisha pamoja.

Njia ya baba mkwe wako, ya kutoweka chochote, nayo haikosi hoja. Aliishi na mbuzi wa kienyeji waliozoea magonjwa ya hapa, waliochagua wenyewe majani ya kula, na aliwajua kwa kuwatazama kutwa. Chotara wako wa maziwa hula unachomletea na ni dhaifu zaidi kwa baridi, kupe na minyoo. Ukiifuata njia yake nzima utaokoa fedha, ila utakuwa umejikabidhi kwa simu ya mtu aliye kata nyingine.

Katikati ya njia hizo mbili kuna wafugaji wanaoweka kisanduku kidogo, chenye kazi moja tu ya kuwavusha katika zile saa kabla mtaalamu hajafika. Ningekaa na wewe jikoni ningekuonyesha kwanza kipimajoto, kile cha kidijitali kinachouzwa kwenye famasi ya binadamu, ambacho ukishakitumia kwa mbuzi hakirudi tena kwa mtoto. Unakifunga uzi mshikioni, unakipaka mafuta ya mgando, unamsimamisha mbuzi ukutani kwa goti lako, unakiingiza taratibu mkunduni kikigusa ukuta wa ndani, kisha unangoja kilie. Mbuzi mzima husoma kati ya nyuzi 38.5 na 40. Fanya hivyo kwa wote wanne wakiwa wazima, asubuhi tatu au nne, uandike kwenye daftari. Weka pia ngumi yako kwenye shimo la ubavu wa kushoto uhesabu: tumbo linalofanya kazi hukusukuma mara moja au mbili kila dakika. Siku utakapompigia mtaalamu na kumwambia, "Ana nyuzi 41.2, hacheui tangu saa kumi, tumbo halisukumi," atajua aache nini na aje upesi kiasi gani, au angalau akuelekeze kwa simu jambo la maana.

Vinavyobaki kisandukuni havina makuu: glavu, pamba na bandeji, aidini kwa ajili ya kitovu cha mtoto na vidonda, dawa ya kupuliza vidonda ili inzi wasitage, bomba la mililita 60 lisilo na sindano la kunyweshea, chupa ya mafuta ya alizeti ambayo haichukuliwi kwenda kupika, pakiti kadhaa za ORS kwa mtoto wa mbuzi anayeharisha, mkasi, taulo mbili kuukuu na tochi yenye betri zake. Kwa yule aliyejaa gesi lakini bado amesimama na anameza, msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu kidogo, umnyweshe kama nusu kikombe cha chai cha mafuta, bomba likiwa pembeni mwa mdomo, kidogokidogo, pua isipite usawa wa mgongo wake, kisha umsugue ubavu na kumtembeza. Akiwa amelala na hawezi kumeza, usimnyweshe kitu. Vilevile mbuzi anayetoa mate mengi na kubadilika tabia usimtie mkono mdomoni, kwani kichaa cha mbwa huwapata mbuzi pia.

Kisanduku hicho nacho kina hatari yake, nami sitakuficha. Mtu mwenye sanduku hujisikia amejipanga, na nimewaona wafugaji waliomcheleweshea mnyama msaada kwa siku mbili kwa sababu walikuwa bado na kitu cha kujaribu. Ukichagua njia hii, amueni mapema ni dalili zipi hazijaribiwi kitu nyumbani.

Kuhusu banda, nitakuomba ulitazame jambo hili kwa jicho jingine. Paa linalovuja na sakafu isiyokauka ni milango ya homa ya mapafu, kuharisha kwa watoto na kuoza kwato, na Agosti huko mlimani baridi bado ni kali. Ukiweka fedha yote kwenye dawa, banda litazimaliza dawa hizo moja baada ya nyingine. Ukiweka yote kwenye banda, unaweza kukutwa na uzazi mgumu huna hata glavu. Huenda kazi ya banda inagawanyika: paa sasa, na sakafu ya mbao zilizoachana, iliyoinuliwa kutoka ardhini, baada ya mavuno. Huenda wenzako watatu au wanne wa kikoba wenye mbuzi wangependa kuchangia kisanduku kimoja, ingawa hapo itabidi mkubaliane kinakaa kwa nani na nani anajazia kilichotumika, maana kisanduku cha wote huwa kitupu usiku kinapohitajika. Wewe ndiye unayeijua mifuko ya wenzako.

Jambo lisilogharimu hata senti ni majani. Yanyaushe ya kunde walau nusu siku, na uwape nyasi kavu kwanza. Hukutaja miparachichi, lakini Kibosho ni nadra kihamba kikaikosa: majani yake huwadhuru mbuzi, huharibu kiwele cha anayekamuliwa na hata moyo, kwa hiyo matawi yanapopunguzwa yasitupwe karibu na banda. Muulize baba mkwe ni miti gani mingine ambayo wazee hawakuwakatia mbuzi. Nina hakika anayo majibu ambayo hayamo katika orodha ya mtu yeyote.

Nimefika kwa shemeji, nami naelewa ugumu wako, kwa sababu mnachota maji bomba moja na kesho utamhitaji. Ninaposikia mpango wake wa kila mwezi nasikia mtu anayetaka kuwa na manufaa, na bado mpango huo unanitia hofu. Antibiotiki inayochomwa bila ugonjwa kupimwa huwafundisha vimelea kuizoea, na siku ya homa ya mapafu ya kweli haitafanya kazi. Dawa hiyo hupita kwenye maziwa, na kikombe cha asubuhi ni cha mwanao wa miaka minne. Kila chupa ina maelezo ya siku ambazo maziwa na nyama havipaswi kutumika. Sindano iliyotoka kwa ndama inaweza kumhamishia mbuzi ugonjwa au jipu. Dawa ya minyoo nayo ina mambo yake: kipimo cha ng'ombe hakimfai mbuzi, nyingine kama albendazoli haifai mimba ikiwa changa, na kuwanywesha wote kila mwezi huwaacha hai wale minyoo sugu tu. Afrika Kusini walibuni kadi ya rangi ya kulinganishia upande wa ndani wa ukope wa chini wa mbuzi, ili anyweshwe yule tu anayepauka kwa kunyonywa damu. Hata bila kadi, ukope mwekundu au wa waridi uliokolea na ukope mweupe unaweza kuvitofautisha mwenyewe kwenye mwanga wa jua. Uzito pia mnaweza kuupima kwa mizani ya kuning'iniza ile ya kupimia kahawa, badala ya kukisia.

Je, ni lazima iwe kumkatalia? Unaweza kumpa sababu isiyo yake wala yako: kwamba daktari wa mifugo ameagiza asichomwe mnyama hadi apigiwe simu kwanza, na uhakikishe kweli umemwomba daktari aseme hivyo. Unaweza kumwomba mumeo azungumze naye kama kaka kwa kaka, ingawa hapo upo uwezekano wa shemeji kuhisi ameshtakiwa Arusha kabla hajaambiwa Kibosho. Au baba mkwe mwenyewe, ambaye hapendi dawa nyumbani, anaweza kuwa msemaji wako bila wewe kufungua mdomo. Kila mlango una bei yake, nawe ndiye unayezijua sura zao wakiwa mezani.

Nimebakiza mtu mmoja ambaye barua yako imempitia kwa sentensi moja tu, naye ni wewe. Miezi mitano sasa, Agosti utakuwa na saba. Maji ya uzazi, kondo la nyuma na mimba iliyotupwa ya mbuzi vinaweza kubeba magonjwa yanayomdhuru mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, ukiwamo ugonjwa wa kutupa mimba, ambao pia hupita kwenye maziwa yasiyochemshwa. Mwambie mkunga wako kliniki kwamba unafuga, maziwa yachemke kweli hata yale ya mtoto, na usiku wa kuzaa usiwe wewe bandani.

Lazima basi awepo mwingine: mtu asiyeogopa damu, aliyezoea kushika wanyama, anayelala umbali wa kuitwa. Ni mtu wa kuvaa glavu, kumpangusa mtoto kwa taulo, kumtumbukiza kitovu kwenye aidini, kuhakikisha amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa ya kwanza, na kupiga simu ikiwa mama amesukuma kwa nusu saa bila kitu kuonekana, au kondo halijatoka baada ya saa 12. Nimesoma barua yako mara tatu nikimtafuta mtu huyo, na kila mara nimerudi kwa shemeji yako. Sijui kama ungependa kumwomba. Lakini ukiamua kumwomba, unaweza kuanza hapo, na habari ya chupa ya kabatini ikaja baadaye, siku mtakayokuwa mmekaa na daftari la joto mikononi mkijifunza pamoja.